Marehemu wa Mwaka

Desemba inapofika, vyombo vya habari huandaa orodha ya watu mashuhuri waliofariki tangu Januari. Redio hurusha vipande vya hotuba na nyimbo zao, televisheni hupitisha picha polepole juu ya muziki wa huzuni, na magazeti hutenga kurasa za katikati: sura, jina, umri, cheo, tarehe. Kazi hiyo yote huitwa kukumbuka, na jina hilo limezoeleka kiasi kwamba ugumu uliomo ndani yake hauonekani. Mjane humkumbuka mumewe, mwanafunzi humkumbuka mwalimu aliyemchapa na kumfundisha, jirani humkumbuka jirani aliyekuwa akimkopesha sukari. Wote hao wana kitu walichokipitia wenyewe. Msomaji wa Kigoma anayefunua gazeti na kukuta picha ya askofu mkuu wa Cape Town hakuwahi kukaa naye hata dakika moja. Alicho nacho ni habari za mtu, tena nyingi zimepita mikononi mwa watu wengine kabla ya kumfikia. Swali, basi, ni hili: watu wasiomjua marehemu hufanya nini hasa wanaposema wanamkumbuka, na ni lini jambo hilo huwa limefanywa kwa haki?

John Mbiti, mwanatheolojia aliyezaliwa Kitui mwaka 1931 na kufundisha Makerere, alitoa maelezo ambayo bado ni mahali pazuri pa kuanzia. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika aliugawa wakati mara mbili, akazipa sehemu hizo majina ya Kiswahili, Sasa na Zamani. Anayekufa, kwa maelezo yake, hatoki Sasa papo hapo. Maadamu wapo watu waliomjua na wanaoweza kumtaja kwa jina, yeye ni mfu aliye hai: hutajwa penye chakula, hupewa mtoto jina lake, huombwa radhi mambo yakienda kombo. Siku anapofariki mtu wa mwisho aliyemfahamu, ndipo anapotumbukia Zamani, akawa mmoja wa wengi wasio na jina. Safari hiyo Mbiti aliikadiria kuwa ya vizazi vinne au vitano. Wakosoaji wake walimbana sana kuhusu aliyoyasema juu ya wakati ujao, na hapo walikuwa na hoja; kuhusu wafu, maelezo yake yana nguvu mpaka leo.

Nguvu hiyo, hata hivyo, ni ya ukoo na kijiji. Mtu mashuhuri huuvunja mpango wa Mbiti pande zote mbili. Siti binti Saad alifariki mwaka 1950, na waliomsikia akiimba mbele yao wamebaki wachache mno kama bado wapo, lakini jina lake linatajwa Unguja kana kwamba aliondoka juzi. Wapo pia mawaziri wa miaka ya sabini ambao watoto wao wanaishi, wajukuu wanasoma shule, na majina yao hayamwambii kitu mtu yeyote nje ya nyumba hiyo. Kwa mtu wa namna hii, idadi ya waliomjua haiamui kitu. Kinachoamua ni kile ambacho jamii imekubaliana kukisema juu yake na mahali ilipokihifadhi. Siti ana santuri alizoanza kurekodi Bombay mwaka 1928, na ana wasifu ulioandikwa na Shaaban Robert, uliotoka miaka michache baada ya kifo chake. Mawaziri wale wana majalada.

Ikiwa ni hivyo, kumkumbuka mtu mashuhuri kunakaribiana zaidi na kufikia makubaliano kuliko na kumbukumbu ya moyoni. Na makubaliano yanahitaji ushahidi. Mwaka wa kwanza baada ya kifo ndio wakati ambapo mashahidi wako tele: waliofanya kazi na marehemu, waliofaidika naye, walioumizwa naye, madereva wake, wapinzani wake. Hakuna mwaka mwingine utakaokuwa na mashahidi wengi kama huo. Ndio pia mwaka ambao ruhusa ya kusema ni ndogo kuliko yote, kwa sababu msiba bado mbichi na adabu inawafunga watu midomo. Ruhusa inapopatikana, mashahidi wamepungua. Ugumu wa orodha ya mwisho wa mwaka uko hapo: huandikwa wakati ukweli uko karibu kabisa na ulimi umefungwa kabisa.

Mwaka 2021 unafaa kutazamwa kwa karibu. Tarehe 17 Februari alifariki Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, akiwa Muhimbili. Siku hiyohiyo alifariki Balozi John Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi, katika hospitali ya Dodoma yenye jina la rais wa zamani Benjamin Mkapa, ambaye mwenyewe alikuwa hajatimiza miezi saba kaburini. Mwezi mmoja kamili baadaye, usiku wa tarehe 17 Machi, Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kifo cha Rais John Magufuli. Juni akaondoka Kenneth Kaunda wa Zambia akiwa na miaka 97, Oktoba, Agnes Tirop, mwanariadha wa Kenya aliyekuwa hajatimiza 26, Novemba, F. W. de Klerk wa Afrika Kusini. Kisha, orodha nyingi zikiwa zimeshatoka, Desmond Tutu alifariki tarehe 26 Desemba, na kesho yake mwanamuziki wa Kongo Defao akafia Douala, Kamerun. Charles Njonjo, Mwanasheria Mkuu wa kwanza wa Kenya huru, aliuvuka mwaka kwa siku mbili tu.

Jambo la kwanza linaloonekana ni kwamba mwaka hauna uhusiano wowote na msiba. Matanga, arobaini, eda ya mjane ya miezi minne na siku kumi, misa ya kumbukizi: hesabu hizo zote huanzia kwenye kifo chenyewe. Orodha ya Desemba huanzia kwenye kalenda ya ukutani, ileile ya wahasibu wanaofunga vitabu. Ndiyo maana Tutu, mtu ambaye jina lake lilivuma dunia nzima, alikosa nafasi katika orodha nyingi za mwaka aliokufa. Ibada ya mazishi yake ilifanyika Januari mosi 2022, siku ambayo wahariri walikuwa wameshageukia matazamio ya mwaka mpya. Njonjo, kwa kufa Januari 2, ilibidi asubiri miezi kumi na miwili, na orodha yake ilipotoka kifo chake kilikuwa habari ya kale.

Lakini upofu huo wa kalenda una faida ambayo haitambuliwi vya kutosha. Tarehe haina chama. Chama cha siasa kinapotundika picha za viongozi wake waliotangulia, huchagua. Ukoo huchagua, dhehebu huchagua, na hata kitabu cha historia huchagua. Orodha ya mwaka huwaweka ukurasa mmoja watu ambao wasingekubali kukaa meza moja. Maalim Seif aligombea urais wa Zanzibar mara sita, kuanzia 1995 hadi 2020, na mara zote sita hakutangazwa mshindi. Uchaguzi wa mwisho kati ya hizo ulifanyika siku ileile ya uchaguzi uliomrudisha Magufuli kwenye urais wa Muungano, na upinzani ukayakataa matokeo pande zote mbili za Muungano, ingawa Maalim na chama chake waliingia katika Serikali ya Umoja wa Kitaifa ya Zanzibar mwezi Desemba. Waombolezaji wa Mtambwe, Pemba, alikozikwa Maalim, na waombolezaji wa Chato, alikozikwa Magufuli, walisimulia maisha mawili yasiyogusana. Orodha huyagusanisha. Msomaji anayepita kutoka picha moja hadi nyingine analazimika kukiri kwamba matukio ni yaleyale, yakitazamwa kutoka madirisha mawili.

Bahati mbaya, kile ambacho mpangilio wa orodha hukifunua, lugha yake hukifunika tena. Lugha ya tanzia ina msamiati wake, nao ni mfupi. Marehemu alikuwa mchapakazi, mcha Mungu, mpenda watu, asiye na makuu. Ametangulia mbele ya haki. Ameacha pengo lisilozibika. Kama mapengo yote yaliyotangazwa yangekuwa kweli hayakuzibika, nchi ingekuwa imebaki matundu matupu. Wasifu unaosomwa makaburini una utaratibu uleule kwa mtawala na kwa karani: kuzaliwa, shule, ajira, ndoa, watoto, kisha sentensi moja kwamba marehemu alianza kusumbuliwa na maradhi, akaugua kwa muda mfupi, na mauti yakamfika. Katika nyumba ya kawaida sentensi hiyo ni stara, na hakuna anayeihitaji iseme zaidi. Kwa kiongozi, huwa inaficha mambo ambayo umma una haki ya kuyajua.

Mwaka 2021 ulilionyesha hilo kwa ukali. Mwishoni mwa Januari chama cha Maalim Seif, ACT-Wazalendo, kilitangaza kwamba ameambukizwa korona, wakati ambapo serikali ya Muungano ilikuwa imeacha kutoa takwimu za ugonjwa huo tangu katikati ya mwaka uliotangulia. Magufuli alionekana hadharani kwa mara ya mwisho tarehe 27 Februari. Katikati ya Machi watu kadhaa walikamatwa kwa tuhuma za kueneza uvumi juu ya afya yake, na siku chache baadaye ikatangazwa kwamba amefariki kwa maradhi ya moyo katika Hospitali ya Mzena, Dar es Salaam. Kuhusu chanzo cha kifo, serikali ilisema lake na wapinzani wakaendelea kusema lao. Bila kuamua nani alikuwa sahihi, inatosha kuona kwamba hata swali lenyewe lilikuwa na gharama kwa aliyeuliza. Makubaliano juu ya mtu yalianza kuandikwa wakati baadhi ya mashahidi hawakuruhusiwa kufungua mdomo.

Desturi ya kutomsema vibaya marehemu isidharauliwe kwa sababu hiyo. Ina misingi mitatu, na mmoja tu kati yake ndio dhaifu. Wa kwanza ni kwamba marehemu hawezi kujibu, na kumshambulia asiyeweza kujibu ni uoga. Wa pili ni waliofiwa: mtoto wa miaka kumi aliyekaa mbele ya jeneza hana kosa lolote, na maneno yatakayosemwa pale atakua nayo. Hizo ni sababu nzito, na mafundisho ya dini zote mbili kubwa za eneo hili yanaziunga mkono. Msingi wa tatu ni ule unaosema kwamba kifo kimeshalipa deni, hivyo hesabu imefungwa. Hapo ndipo pa kuuliza. Mtu binafsi anapokufa, wengi wa waliokuwa na dai juu yake ni ndugu na jirani, nao wana namna yao ya kusameheana kaburini, pale msemaji wa familia anapowaomba wenye madai wajitokeze. Mtu aliyeshika dola ana wadai wasiofika kaburini, wasiojulikana na familia, na ambao hakuna msemaji wa familia anayeweza kuwalipa. Msamaha wao hauwezi kutolewa na mtu mwingine kwa niaba yao.

Kwa hiyo adabu ya msibani inaweza kubaki kamili bila kugeuzwa sheria ya historia. Kinachotakiwa kwa mtu wa umma ni kutaja yote aliyoyafanya, pamoja, katika pumzi moja. Magufuli aliondoa ada katika elimu ya sekondari ya kawaida, akaanzisha ujenzi wa reli ya kisasa na wa bwawa la umeme kwenye Mto Rufiji. Magufuli huyohuyo aliongoza serikali iliyozuia mikutano ya hadhara ya vyama kuanzia 2016 na kuyafungia magazeti. Anayetaja nusu ya kwanza peke yake hamfanyii marehemu hisani, na anayetaja ya pili peke yake hamtendei haki aliyeumizwa. Wote wawili wametengeneza mtu mwingine na kumpa jina lake.

Wapo wachache waliolitambua tatizo hili wakiwa hai na kujaribu kulitatua wenyewe. Mkapa alichapisha kumbukumbu za maisha yake Novemba 2019, miezi minane kabla ya kufariki, na humo akayataja mauaji ya Januari 2001 Zanzibar, yaliyofuatia maandamano ya wafuasi wa chama cha CUF, kuwa doa katika urais wake. De Klerk alifanya jambo linalofanana kwa mbali. Siku aliyokufa, tarehe 11 Novemba 2021, taasisi yake ilitoa video ambamo alionekana dhaifu kwa ugonjwa, akiomba radhi kwa maumivu ambayo utawala wa ubaguzi wa rangi uliwasababishia Waafrika Kusini weusi, machotara na Wahindi. Kwa maneno matupu, radhi ya De Klerk ilikwenda mbali kuliko kukiri kwa Mkapa. Kwa uzito wa tendo, mambo ni kinyume. Kuomba radhi ni kujiweka mbele ya aliyekosewa na kubaki hapo ili ajibu: akubali, akatae, aulize zaidi, atake ushahidi. Kitabu cha Mkapa kilimwacha mwandishi wake wazi kwa maswali, hata kama si wengi walioyauliza katika miezi ile minane. Video ya De Klerk ilifika pamoja na habari kwamba aliyeitoa hayupo. Ilikuwa ushahidi, na ushahidi una thamani yake, lakini ilikuwa imeondolewa ile sehemu inayoufanya msamaha uwezekane.

Ubaya zaidi ni kwamba nafasi ya kujibiwa alikwisha kuipata. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika Kusini, iliyoongozwa na Tutu, ilikuwa chombo kilichoundwa kwa wazo hilohilo: kukusanya ushahidi wakati walioumiza na walioumizwa wote wanapumua. De Klerk alifika mbele yake, na Tutu hakuficha jinsi alivyovunjika moyo kwa majibu yake. Robo karne baadaye wanaume hao wawili, wote washindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani, mmoja wa mwaka 1984 na mwingine wa 1993, walikufa wakiachana kwa wiki sita na nusu. Ni vigumu kupata mfano mzuri zaidi wa kazi ambayo orodha ya mwaka ingeweza kuifanya kama ingetaka. Tutu, kwa upande wake, alijihadhari hata na jeneza lake. Aliagiza liwe la bei ya chini kabisa, na watu walioingia katika Kanisa Kuu la Mtakatifu George walikuta sanduku la mbao za msonobari zisizopakwa rangi, lenye kamba mahali pa vishikio, na shada moja la maua kutoka kwa familia. Hotuba zingeweza kumpamba, na zilimpamba. Sanduku lenyewe lilikataa.

Si kila mtu hupata nafasi ya kupanga atakavyokumbukwa. Agnes Tirop alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za nyika mwaka 2015 akiwa na miaka 19, akapata medali ya shaba ya mita 10,000 London mwaka 2017 na nyingine Doha mwaka 2019. Tarehe 12 Septemba 2021, katika mji wa Herzogenaurach, Ujerumani, alikimbia kilomita 10 kwa dakika 30 na sekunde 1, rekodi ya dunia wakati huo katika mbio za wanawake pekee. Mwezi mmoja na siku moja baadaye alikutwa ameuawa kwa kuchomwa kisu nyumbani kwake Iten, na mumewe akashtakiwa. Alizikwa tarehe 23 Oktoba, siku ambayo angetimiza miaka 26. Tangu hapo jina lake limekuwa la kupinga ukatili dhidi ya wanawake. Wanariadha wenzake waliunda shirika kwa jina lake, na kazi hiyo inahitajika. Pamoja na hayo kuna hasara ambayo mtu mwaminifu hana budi kuitaja. Kifo chake kimeyameza maisha yake. Wanaomjua kama mhanga ni wengi kuliko wanaojua alikimbiaje, kwamba alikuwa mtu wa kuongoza kundi tangu mapema badala ya kungoja mzunguko wa mwisho. Aliyekufa kitandani kwa uzee hupewa nafasi ya kukumbukwa kwa alichokifanya. Aliyeuawa hukumbukwa kwa alichofanyiwa, yaani kwa tendo la mtu mwingine, na kwa hiyo muuaji hupata fungu katika jina la marehemu bila kustahili. Tanzia iliyoandikwa vizuri huanza na zile dakika 30.

Swali la nani mwenye haki juu ya marehemu wa umma lilifika mahakamani Zambia. Mmoja wa wana wa Kaunda alipinga mpango wa serikali, akisema baba yake alitaka azikwe karibu na mkewe Betty, aliyemtangulia mwaka 2012. Serikali ilikwisha kumtengea mahali katika bustani ya marais jijini Lusaka, na huko ndiko alikozikwa tarehe 7 Julai, baada ya mwili wake kuzungushwa mikoani. Kisheria jambo liliisha. Kifalsafa halijaisha, kwa kuwa pande zote mbili zilikuwa zinamzungumzia mtu yuleyule kwa vyeo viwili visivyopatanishika: mume wa mtu, na baba wa taifa. Mbiti angesema familia ilikuwa inamshikilia katika Sasa yake. Dola ilikuwa inamtaka kwa Zamani inayojengewa uzio na kuwekewa walinzi.

Umma nao huomboleza kwa mwili, hata kama haukumjua marehemu. Gari lililombeba Magufuli lilipopita Dar es Salaam na baadaye Mwanza, wanawake walitandika khanga na vitenge barabarani lipite juu yake, wengine wakitupa matawi na maua. Hakuna aliyewalipa, na si haki kuyaita maigizo. Huzuni kwa mtu asiyekujua inawezekana kabisa: kinacholiliwa ni ile sehemu ya maisha yako mwenyewe iliyopangwa kwa kumtegemea, bei uliyoitarajia, kazi uliyoahidiwa, fahari ya kumwona mtu wa kwenu akiwafokea wakubwa.

Tarehe 21 Machi 2021 huzuni hiyo iliua. Watu waliofurika kuaga mwili katika Uwanja wa Uhuru walikanyagana, na polisi walitangaza siku kadhaa baadaye kwamba 45 wamekufa, wakiwamo watoto. Hakuna orodha ya watu mashuhuri wa mwaka huo inayowataja, na kwa kanuni ya orodha hizo ni sawa: hawakuwa mashuhuri. Lakini kanuni hiyo inaonyesha umashuhuri ni nini. Si kipimo cha wema wala cha mchango. Muuguzi aliyekufa kwa ugonjwa alioupata wodini mwaka huohuo alitoa zaidi ya wengi waliomo orodhani. Umashuhuri ni idadi ya watu ambao wangehitaji kuambiwa kwamba fulani amekufa. Kipimo hicho hakina aibu ndani yake, mradi kisijifanye kingine. Tatizo ni pale orodha ya waliojulikana inaposomwa kama orodha ya waliostahili, na wale 45 wakabaki tarakimu ndani ya habari za msiba wa mtu mwingine.

Kenya ilijaribu kulirekebisha jambo hilo kwa sheria. Katiba ya mwaka 2010 iliigeuza Siku ya Kenyatta, iliyoadhimishwa kila Oktoba 20, kuwa Siku ya Mashujaa, ili heshima ya mtu mmoja igawiwe wengi. Tanzania ilibaki na njia ya zamani: Aprili 7 ni ya Karume, Oktoba 14 ni ya Nyerere. Kila njia ina kasoro yake. Siku ya mtu mmoja huwasahaulisha waliokuwa pamoja naye. Siku ya mashujaa wote haimtaji yeyote, na mtoto wa shule huipita bila kujifunza hata jina moja.

Washairi wa pwani walikuwa na mashaka na shughuli yote hii tangu zamani. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, aliyatazama magofu ya Pate, akauliza wako wapi waliokuwa wakijivuna kwa majumba na taa, na akajibu kwamba popo na ndege ndio wenyeji sasa. Aliandika ili kuionya nafsi yake isitegemee jina. Lakini alitaja baadhi yao kwa majina, na kwa kuwa utenzi wake ulidumu, watu aliowatoa kuwa mfano wa kusahaulika wanatajwa bado, wakati mabwana wengine wa Pate, waliokosa hata mshairi wa kuwalaumu, wamepotea. Kwa kipimo cha kumbukumbu peke yake, lawama iliyoandikwa vizuri imewafaa kuliko sifa ambayo hakuna aliyeihifadhi.

Majina yaliyobandikwa kwenye vitu hudumu kwa namna nyingine. Magufuli alikuwa hai bado, na alihudhuria mwenyewe, kituo cha mabasi cha Mbezi Luis kilipofunguliwa Februari 2021 kikiwa na jina lake. Miaka ikipita, abiria atamwambia dereva wa bodaboda ampeleke Magufuli bila kumfikiria mtu yeyote, kama wasafiri wanavyoteremka katika uwanja wa ndege wa Mombasa bila kumfikiria Moi, aliyekuwa rais wa Kenya. Jina lililogeuka mahali limepona kusahauliwa kwa gharama ya kuacha kumtaja mtu.

Moi ndiye mfano uliokamilika zaidi. Oktoba 10 ilikuwa Siku ya Moi tangu 1989, yeye akiwa madarakani. Katiba ya 2010 haikuitaja. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ikaamua kwamba bado ni sikukuu kisheria. Desemba 2019, wiki chache kabla ya mwenyewe kufariki, Baraza la Mawaziri liliipa jina la Huduma. Baadaye ikawa Siku ya Utamaduni, na tangu 2024 ni Siku ya Mazingira, ambapo wananchi huhimizwa kupanda miti. Ofisi hufungwa tarehe ileile.